Shajara ya mradi: nyimbo 12 za taarab kongwe, kutoka kwenye kaseti hadi jukwaani

Wiki ya 1

Lengo la mradi ni kuzirudisha nyimbo 12 za taarab asilia ya Unguja zipigike kwa vyombo vyake na maneno yake, bila ya kinanda cha umeme kushika pahala pa kila mtu. Kundi ni la marafiki wa maskani moja ya Ng'ambo, watu tisa: udi (chombo cha nyuzi mfano wa gitaa), kanuni (chombo cha kulaza chenye nyuzi nyingi), fidla mbili, kodiani, dumbak (ngoma ya mkono), rika (tari yenye vibati), besi na mwimbaji. Kiitikio kinaitikiwa na wapigaji wenyewe.

Wako wanaodharau wakisikia "bendi ya kukopi". Kwa taarab dharau hiyo haina msingi, maana sanaa yenyewe ilifika hapa kwa kukopi. Wazee wanasimulia kuwa Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kanuni. Nadi Ikhwan Safaa, iliyoundwa 1905, ilikuwa ni nadi (klabu) ya marafiki, na jina lake lina maana ya ndugu wenye nia safi. Mwanzoni waliimba kwa Kiarabu, nyimbo za huko huko Misri. Kiswahili kilipata nguvu kwa sauti ya Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay 1928 kurikodi santuri. Hata baada ya hapo, waimbaji wa Misri Umm Kulthum na Mohamed Abdel Wahab waliendelea kuwa skuli ya wapiga fidla wa Unguja: wimbo ulisikilizwa kwenye redio au santuri, ukakamatwa kwa sikio, ukavishwa maneno ya Kiswahili. Kukopi kwa taarab ni kazi ya kusikiliza, na kusikiliza ndiko kutakakochukua muda mwingi wa mradi huu.

Orodha ya mwanzo ilikuwa na nyimbo 40. Zimekatwa kwa vigezo viwili. Wimbo uwe na rikodi zisizopungua mbili, kwa sababu rikodi moja ikiwa na kasoro hujui kama kosa ni la mpigaji au la mashine. Na pawepo mtu mzima anayeyajua maneno yake. Zimebaki 12, na kwa maqam zake (mipangilio ya noti) ni hivi: tano za Bayati, tatu za Rasti, mbili za Hijazi, moja ya Nahawandi na moja ya Sika. Usajili wa kundi unapitia Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, na masuala ya haki za watunzi yanapitia COSOZA, chombo cha hakimiliki cha Zanzibar. Haya yafanywe mwanzo. Wimbo kuwa mkongwe hakuufanyi kuwa mali ya kila mtu, na familia za watunzi wengi zipo hapa hapa mjini.

Wiki ya 2 hadi ya 4: kaseti

Rikodi nyingi ziko kwenye kaseti zilizokaa makabatini miaka 30 na zaidi, na adui wa kaseti Unguja ni ukungu. Tazama ukingo wa utepe kupitia kidirisha: ukiona weupe kama unga, usiitie kwenye mashine nzuri. Ukungu unahamia kwenye kichwa cha mashine, kisha unaambukiza kaseti zinazofuata. Kaseti ya namna hiyo inafunguliwa skrubu zake tano, utepe unapitishwa polepole kwenye kitambaa kikavu cha pamba, kisha unahamishiwa kwenye ganda jipya. Kaseti ambazo maganda yake yamegandishwa bila ya skrubu hupasuliwa kwenye mshono kwa kisu chembamba, kwa uangalifu, kuanzia upande usio na tundu la kichwa.

Hata kaseti safi isipigwe moja kwa moja. Izungushe mbele mpaka mwisho, irudishe mpaka mwanzo, ndipo upige. Utepe uliokaa muda mrefu unagandana, na ukiupiga hivyo hivyo sauti inayumba. Kichwa cha mashine kisafishwe kwa spiriti na pamba kila baada ya upande mmoja.

Jambo linalosahauliwa sana ni pembe ya kichwa. Kila mashine iliyorikodi ilikuwa na pembe yake, na isipolingana na ya kwako sauti za juu hufa: rika linasikika kama mtu anayepapasa karatasi, na "s" ya mwimbaji inapotea. Kando ya kichwa pana skrubu ndogo yenye springi. Igeuze kidogo kidogo, chini ya robo mzunguko, huku ukisikiliza vibati vya rika. Viking'aa, simama. Weka alama ya kalamu pahala skrubu ilipokuwa kabla ya kuigusa, kwa sababu kaseti inayofuata itataka pembe nyingine.

Kuhamishia kwenye kompyuta: programu ya Audacity inatosha, na kilele cha sauti kisipite desibeli −6. Usitumie kifuta kelele kabla ya kuandika maneno na sauti. Kile chombo kinakula mvumo wa utepe, lakini kinakula pia pumzi ya nai (filimbi) na nusu ya konsonanti, na maneno yakishapotea hayarudi. Hifadhi rikodi chafu kama ilivyo. Usafishaji ufanyike kwenye nakala.

Kisha kasi. Kaseti inatakiwa ipite sentimita 4.76 kwa sekunde, na mota nyingi za zamani hazifiki hapo au zinapita. Santuri ya mizunguko 78 ikizungushwa 74, wimbo umeshuka karibu nusu sauti nzima. Sasa utajuaje wimbo ulipigwa wapi? Shika kodiani. Udi, kanuni na fidla zinakazwa kila siku kwa sauti ya siku hiyo, ila kodiani ina ndimi za chuma, na mpigaji hawezi kuibadilisha ukumbini. Linganisha noti moja ndefu ya kodiani ya kwenye rikodi na kodiani ya kundi. Ikiwa nyimbo zote za upande mmoja zimepotoka kwa kiasi kile kile, kosa ni la mota, na utatengeneza mara moja kwa wote. Ikiwa mwanzo wa upande uko sawa na mwisho umeshuka, utepe unateleza, na hapo kila wimbo utengenezwe peke yake.

Angalizo: rekebisha kasi, usirekebishe sauti peke yake. Programu zinakupa vyote viwili. Ukipandisha sauti bila ya kasi, wimbo utakuwa kwenye noti sahihi lakini dumbak litakuwa linakokota, na kundi zima litajifunza mwendo ambao haukuwahi kupigwa. Nyimbo mbili zimefanyiwa kosa hili na zimerudiwa upya.

Wiki ya 5: maneno

Mtu mmoja anaandika anachokisikia, wa pili anaandika bila ya kuona karatasi ya mwenzake, kisha zinalinganishwa. Zinapogongana, mizani ndiyo inayoamua.

Mashairi mengi ya taarab yana mistari ya mizani 16, nane kwa nane, na vina kati na mwisho. Kwa hivyo kila mstari uhesabiwe kwa vidole. Ukitoka na mizani 15, kuna kitu hukukisikia. Tuchukue mstari wa kujifunzia: "Siri yangu nilimpa, hakuweza kuitunza." Masikio ya haraka huandika "nilipa", na kipande cha kwanza kinabaki na mizani saba. Kilichopotea ni "m". Katika uimbaji wa zamani "m" hiyo ni silabi kamili: midomo inafungwa, sauti inapita puani, nayo inapewa pigo lake zima kabla ya "pa" kufunguka. Kwenye kaseti chakavu pigo hilo linasikika kama kimya. Ukiliona pengo la pigo moja katikati ya neno, tafuta "m" au "n" iliyozama.

Mizani haitatui kila kitu. "Hakuitunza" na "hakuitunga" zina hesabu moja. Hapo ndipo panapohitajika mtu mzima aliyeusikia wimbo ukiimbwa, na asiulizwe kwa kusomewa karatasi. Ukimsomea atakubali. Mwache auimbe mwenyewe, wewe andika. Beti tatu za nyimbo mbili zimepatikana hivi, beti ambazo hazimo kwenye rikodi yoyote. Sababu yake inajulikana: upande mmoja wa santuri ya 78 unachukua kama dakika tatu tu, kwa hiyo beti zilikatwa studioni ili wimbo uenee.

Maneno yote yasibadilishwe kwa kufuata Kiswahili cha leo. Imeandikwa "alo", iimbwe "alo". Ukiitia "aliye" umeongeza mizani, na mwimbaji atalazimika kuibana.

Wiki ya 6 na ya 7: maqam

Hapa ndipo bendi nyingi za kukopi zinapoteleza, na mara nyingi kosa linaanzia kwenye kinanda.

Rasti ya kuanzia noti ya do ina noti za mi na si ambazo haziko kwenye kinanda cha kawaida: mi iko baina ya mi na mi bemoli (mi iliyoshushwa nusu sauti), na noti ya si vivyo hivyo. Bayati ya kuanzia re ina mi ya robo sauti. Mtu akiinukuu Bayati kwa kinanda atachagua moja kati ya mbili. Akishika mi bemoli, wimbo unakuwa mzito wa huzuni isiyo yake. Akishika mi kamili, unageuka kuwa Nahawandi ya re, na hakuna atakayejua mara moja kilichokosekana ila wimbo umekauka. Vinanda vyenye mizani ya Kiarabu vinaweza kushusha noti moja moja kwa senti 50, yaani robo sauti, na hiyo inasaidia kufanyia mazoezi ya nyumbani. Lakini mi ya Bayati hukaa chini kidogo kuliko mi ya Rasti. Kidole cha mpiga fidla kinaijua tofauti hiyo.

Kuijua maqam kutoka kwenye rikodi, usisikilize kundi zima. Tafuta pale vyombo vinaponyamaza na mwimbaji akabaki peke yake na "ya leli", au pale udi unapofanya taqsimu (kupiga peke yake kwa kubuni). Kundi likiwa zima, kodiani inaweza kuwa inapiga mi yake kamili chini ya sauti ya mwimbaji, na sikio linaifuata kodiani kwa kuwa ndiyo yenye nguvu. Wimbo mmoja kati ya hizi tano za Bayati uliandikwa Nahawandi kwa wiki nzima kwa sababu hiyo hiyo.

Udi umekazwa, kutoka nene kwenda nyembamba: do, fa, la, re, sol, do. Uzi wa kwanza ni mmoja, zilizobaki ni jozi, jumla nyuzi 11. Jozi mbili za juu ni za nailoni, kama milimita 0.6 kwa do na 0.7 kwa sol. Mshipi wa kuvulia wa unene huo unafaa kabisa, mradi uwe mpya na usiwe na rangi. Zilizobaki ni za kuzungushiwa waya, hizo zinanunuliwa. Fidla zinakazwa sol, re, sol, re, si kama fidla za Kizungu. Uzi wa la unashushwa hadi sol na wa mi hadi re, na faida yake ni kwamba jozi mbili za nyuzi zinatoa sauti zile zile kwa oktava mbili, na mkono unabaki pahala pamoja.

Kumhamishia mwimbaji wimbo juu au chini ni jambo la kupima. Bayati ya re inahamia la au sol bila ya kuumia, maana udi bado unapata nyuzi wazi za kuegemea. Ihamishie mi bemoli na udi utakuwa bubu: kila noti imebanwa kwa kidole, hakuna kinachovuma. Mwimbaji alitaka nyimbo tatu zishushwe nusu sauti. Badala ya kuhamisha maqam, vyombo vyote vya nyuzi vinalegezwa nusu sauti kwa nyimbo hizo, zinapangwa pamoja kwenye programu ya onyesho, na kodiani inapumzika.

Wiki ya 8: mvua

Masika imeingia, na vyombo vinasema. Kanuni ya kundi ina safu 26 za nyuzi tatu tatu, nyuzi 78. Daraja lake linasimama juu ya ngozi, si juu ya ubao, na ngozi ikinyonya unyevu inalegea, daraja linazama, nyuzi zote 78 zinashuka pamoja. Kukaza kanuni nzima kunachukua karibu saa moja. Kosa ni kuikaza mara tu inapotolewa ndani ya mkoba. Iache nje, chumba kile kile kitakachopigiwa, nusu saa. Ngozi ikatulie ndipo ushike ufunguo. Ukiikaza mapema utaikaza mara mbili.

Dumbak la ngozi ya mbuzi linakufa kwa unyevu. Zamani liliota moto wa makuti. Ndani ya nyumba, balbu ya wati 40 ya aina ya kuungua, ikitundikwa ndani ya tumbo la dumbak kwa dakika 15, inafanya kazi ile ile, kwa sharti balbu isiguse ngozi. Balbu za kisasa hazina joto la kutosha. Dumbak la ngozi ya plastiki halijali mvua, na kwa harusi za nje kundi linalo moja la akiba, ingawa "dum" yake ni fupi na haina kifua.

Udi usiopigwa ulegezwe sauti moja nzima. Gundi yake haipendi joto na unyevu kwa pamoja, na shingo ikishavutwa mbele, nyuzi zinapanda mbali na ubao na vidole vinauma.

Besi imechelewa kupatikana, kwa hiyo sanduku la kidumbak limeshika nafasi. Ni sanduku la ubao mwembamba lililogeuzwa mdomo chini, tundu katikati, uzi mnene umefungwa fundo kwa ndani kwenye kipande cha mti ili usipasue ubao, na ncha nyingine imefungwa kwenye fimbo inayosimama ukingoni. Kuvuta fimbo kunapandisha sauti. Kwa midundo ya Rumba na Beni linatosha. Kwa nyimbo za mwendo mzito halitoshi, kwa sababu noti haidumu.

Wiki ya 9 hadi ya 11: mazoezi

Utaratibu uliosimama: dumbak na rika peke yao kwanza, wimbo mzima, huku mwimbaji anasoma maneno bila ya kuimba. Dum ni pigo zito la katikati ya ngozi, tak ni pigo jepesi la ukingoni. Pigo la maqsum ni dum, tak, kimya, tak, dum, kimya, tak, kimya. Mpiga rika akilijaza kila pengo, wimbo unakimbia. Bashrafu ya kufungulia (kipande cha vyombo bila ya kuimba) ni ya samai, mapigo kumi: dum, kimya, kimya, tak, kimya, dum, dum, tak, kimya, kimya. Ihesabiwe 3, 2, 2, 3. Wanaohesabu kumi moja kwa moja wanapotea kwenye pigo la sita.

Dumbak likishakaa, inaingia fidla moja na udi. Kanuni inafuata. Fidla ya pili na kodiani ziwe za mwisho, kwa sababu sauti zao kubwa zinaficha makosa ya wengine.

Ugumu mkubwa umekuwa kwenye nyimbo zinazotoka Bayati ya re zikaenda Hijazi ya sol katikati ya ubeti, kisha zikarudi. Noti ya la inakuwa bemoli na noti ya si inarudi kamili. Kwenye kanuni, la peke yake iko pahala patatu au panne, na kila pahala pana kibati chake cha kugeuza. Mkono wa kushoto unahitaji mapigo mawili ya nafasi. Pasipokuwa na nafasi hiyo, fidla zinashika kipande na kanuni inanyamaza mpaka ubeti unaofuata. Rikodi za zamani zinaonyesha jambo lile lile: sikiliza vizuri, kanuni inapotea pale pale.

Wiki ya 12: onyesho la majaribio, harusini

Programu ilikuwa bashrafu moja na nyimbo saba. Vipaza sauti sita kwenye mikisa ya njia nane: mwimbaji, kanuni, udi, fidla mbili kwa kipaza kimoja, kiitikio, besi. Dumbak na kodiani hazikutiwa kipaza, na bado zilisikika kupita fidla. Kipaza cha kanuni kiwe juu yake kama sentimita 30, kimeelekea katikati ya nyuzi. Kikielekezwa kwenye ngozi kinapiga mluzi. Spika za wapigaji ziwe kando, zisiwe mbele yao.

Mazoezi hayakuwa yamejaribu kutunza, yaani watu kumpa mwimbaji fedha akiwa anaimba. Wimbo uliopimwa dakika saba umefika dakika 16, maana wasikilizaji walikuwa wanainuka mmoja mmoja kumtunza mwimbaji kwenye kiitikio, na adabu haikuruhusu kusonga mbele watu wakiwa njiani. Fidla zilikwenda ubeti wa tatu, dumbak likarudi kiitikioni, pakachafuka kwa mapigo kama manane. Sasa kuna ishara: mpiga rika ndiye anayewatazama watu. Akiinua rika juu ya bega, kiitikio kinarudiwa. Akilishusha, ubeti unaendelea. Na wimbo mmoja umepunguzwa kwenye programu.

Hali ya sasa

Nyimbo tisa ziko tayari. Wimbo wa Sika bado, kwa kuwa rikodi zake mbili hazikubaliani kwenye noti ya kumalizia, na anatafutwa mtu mzima wa tatu wa kuuimba. Nyimbo mbili za Rasti zimekwama kwenye kodiani. Katika Bayati kodiani inaweza kuiruka mi na hakuna kinachoharibika, lakini katika nyimbo hizi mbili ndiyo inayomjibu mwimbaji, na inamjibu kwenye mi na si.

Kodiani ya pili, iliyotumika, imenunuliwa kwa kazi hiyo tu. Ile ya kwanza isiguswe, maana ikishashushwa noti yake ya si, Hijazi ya sol haipigiki tena. Ulimi wa chuma unashuka ukikwanguliwa karibu na ribiti na unapanda ukikwanguliwa nchani. Tia kipande chembamba cha bati chini yake usije ukapinda, kwangua mara mbili tatu, rudisha, sikiliza. Kila kitufe kina ndimi nne: seti mbili, na kila seti ina ulimi wa kuvuta na wa kusukuma. Mi na si kwa oktava mbili ni ndimi 16. Kumi zimeshashuka mpaka pahala pake. Mmoja umeshushwa kupita kiasi na unapandishwa kwa kukwanguliwa nchani, taratibu, kwa sababu ulimi uliokwanguliwa pande zote mbili unakuwa mwembamba na unakatika.